Fundi Petero, Aliyesubiri Jibu la Kalisizo

Wasifu wa marehemu, umesomwa na mjukuu wake, Kevina, kwenye makaburi ya Skogskyrkogården, Stockholm, Ijumaa tarehe 26 Februari 1988.

Ndugu zetu wa Farsta, wa Hallonbergen na wa Fisksätra, na nyinyi majirani Waswidi mlioshika karatasi ya Kiswidi huku mnatuangalia midomo, asanteni kwa kuja na baridi hii. Bibi yangu Agripina ndiye aliyeamua nisome mimi. Kwao Bukoba babu na mjukuu ni watani, na mtani hanyamazi msibani. Aliniambia, "Usipomtania atadhani hujaja." Kwa hiyo nikicheka mnisamehe. Nikikwama, mama atamalizia.

Kuna jambo moja lazima niliseme kwanza. Wasifu wa Muganda huanza na ukoo. Unataja ukoo, unataja baba, unataja babu, ndipo unafika kwa mtu mwenyewe. Huu hauanzi hivyo, na si kwamba nimesahau. Marehemu alikataza. Mwezi wa kumi na mbili, akiwa kitandani kwake Farsta, alinishika mkono akasema, "Wewe ndiye utakayeandika. Usiandike mimi ni wa ukoo gani mpaka Ssali arudi na jibu." Alikuwa amemtuma rafiki yake Ssali na swali kwao Uganda: je, ndugu zake bado wanamhesabu ni mtu wao, baada ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake miwili kwa zaidi ya miaka kumi? Mnyama wa ukoo wa baba yake nitamtaja, maana bila yeye hamtaelewa kitu. Lakini kumwita Petero mtu wa ukoo huo, hapo nimezuiwa, na nitafuata alivyosema.

Jjajja Petero, ndivyo tulivyomwita babu kwa Kiganda, alizaliwa tarehe 29 Juni 1922 huko Kalisizo, wilaya ya Masaka, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Yozefu na Mama Getrude. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Petero, basi padri hakuumiza kichwa. Kaka yake mkubwa alizaliwa Januari, naye akaitwa Januari. Familia nzima ilikuwa inabatizwa kwa kalenda. Tunashukuru hakuna aliyezaliwa Jumatano ya Majivu.

Baba yake, Mzee Yozefu, alikuwa wa ukoo wa Ngo. Ngo ni chui. Kwa Waganda kila ukoo una muziro wake, yaani mnyama ambaye mnabeba jina lake, na kwa hiyo hammuui, hammli, wala hamvai ngozi yake. Ni ndugu. Siku moja Petero akiwa na miaka saba alikuwa na baba yake kwenye migomba asubuhi, na chui jike akapita mbele yao, amembeba mtoto wake mdomoni kwa ngozi ya shingo. Mzee Yozefu alivua kofia. Alisimama wima kama mtu aliyekutana na mkwewe njiani, akasema polepole, "Pita, ndugu yetu." Chui akapita. Petero alituhadithia kisa hicho labda mara mia mbili, na kila mara chui alikuwa mkubwa kidogo kuliko mara iliyopita, ila maneno ya baba yake hayakubadilika hata moja.

Alisoma shule ya misheni ya Bikira kuanzia 1930 mpaka 1936, akaishia darasa la sita. Mwandiko wake, Mungu amsamehe, ulikuwa kama kuku amekanyaga wino. Lakini mpe sindano. Mshono wake ulikuwa mnyoofu kuliko mstari wa rula. Alijifunza ushonaji mjini Masaka, na mwaka 1945 alikuwa tayari na cherehani yake mwenyewe kwenye baraza la duka.

Kwenye baraza hilo ndipo alipofika msichana Agripina kutoka Kanyigo, upande wa Bukoba, aliyevuka mpaka kushonewa gauni la harusi ya dada yake. Bibi ameniruhusu niseme hili. Fundi alimpima kiuno mara tatu.

"Nikamwuliza," anasema Bibi, "fundi, kiuno changu kinakimbia?"

Yeye hakujibu, kwa sababu Bibi aliuliza kwa Kiswahili, na Jjajja alikuwa mmoja wa wale Waganda waliosema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Ikabidi ajifunze. Alijifunza kwa mapenzi, na Kiswahili chenyewe hakijapona mpaka leo. Walifunga ndoa tarehe 18 Januari 1947 huko Kanyigo, wakajaliwa watoto wawili: mama yangu Noeline, aliyezaliwa 1948, na mjomba Evodius, 1951. Mwaka 1953 wakahamia Kampala.

Sasa nafika kwenye kazi, na hapa nitakwenda taratibu.

Mwaka 1961 alifika Kampala bwana mmoja Mswidi anaitwa Hedlund, kumtembelea dada yake aliyekuwa muuguzi. Hedlund alikuwa na karakana ya kushona makoti ya manyoya hapa Södermalm. Koti lake la safari lilichanika mgongoni, akampelekea Petero. Aliporudishiwa aliligeuza ndani nje, nje ndani, akashindwa kuona palipochanika, na yeye ndiyo kazi yake! Akamwambia aje Stockholm miaka mitatu. Petero alitua hapa tarehe 4 Aprili 1962 na viatu vya kanisani, kwenye theluji. Bibi na watoto walimfuata 1964. Ile miaka mitatu ikazaa mingine, halafu mwanzoni mwa 1971 wanajeshi wakapindua serikali kwetu, na mlango wa kurudi ukafungwa. Wengi mliopo hapa mnajua mlango huo unavyolia ukifungwa.

Siku ya kwanza kazini, Hedlund alimwekea mezani ngozi ya chui. Petero akaweka mikono nyuma.

"Huyu simgusi."

"Kwa nini?"

"Ni ndugu wa baba yangu."

Hedlund alicheka mpaka akakaa chini. Lakini hakuwa mtu mbaya. Alimpa fundi mwingine ile ngozi, akaleta nyingine, ya manjano yenye mabaka, nene, pana kifuani. "Na huyu je? Huyu ametoka Brazili. Ni jagwa." Petero aliinama akaitazama. Chui ana mabaka kama maua, na katikati ya ua ni patupu. Huyu alikuwa na maua makubwa zaidi, na ndani ya ua kulikuwa na vitone vyeusi. Aliyahesabu maua, akapapasa kichwa cha ile ngozi. Kiganda hakina jina la mnyama huyo. Kiswahili nacho hakina, watu humwita chui tu na kuendelea na safari zao. Petero akajisemea: kama hana jina kwetu, hana undugu na sisi.

"Huyu simjui," akasema. Akachukua kisu cha kukatia ngozi.

Hivyo ndivyo mtu aliyekataa chui alivyokuwa fundi bingwa wa jagwa Stockholm nzima. Koti moja refu lilikula ngozi sita, wakati mwingine saba. Nyumbani hakuwahi kuwaita jagwa wala chui. Aliwaita wageni.

"Leo umeshona nini?" Bibi alikuwa akimwuliza.

"Wageni."

"Wangapi?"

"Saba."

"Mbona wageni wako wanafanana sana na wenyeji?"

Alikuwa anaomba chai.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Novemba 1972, kabla ya chakula cha jioni. Mimi nilikuwa na miaka minne, kwa hiyo hapa ninasimulia aliyoyaona mama. Televisheni ilikuwa inaonyesha filamu ya misitu ya Amerika ya Kusini. Jjajja alikuwa amekaa na kofia kichwani, maana alikuwa anavaa kofia hata ndani ya nyumba, eti Sweden inavuja. Miaka kumi ameshika ngozi zao, lakini hajawahi kumwona mmoja akiwa na macho. Akatokea jagwa jike kando ya mto. Alikuwa amembeba mtoto wake mdomoni, kwa ngozi ya shingo, anatafuta pa kuvukia.

Jjajja alisimama. Akavua kofia.

"Ngo," akasema.

Jumatatu alikwenda karakana, akaweka kisu, mkasi na subana yake ya kidoleni juu ya meza ya Hedlund, akasema anaacha kazi.

Hedlund alijaribu kumtuliza. "Petero, wale wamekwisha kufa. Ukiacha kushona hawafufuki."

"Najua," Jjajja akamjibu. "Mimi ndiye niliyewatia vifungo."

Alikaa bila kazi karibu mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1974 alipata kibarua cha kupokea makoti ya watu kwenye ukumbi mmoja wa maigizo mjini. Jamani, Mungu naye ni mtani. Mtu amekimbia makoti, anapewa mia nne kila jioni. Akiletewa koti la jagwa alilijua kwa vidole kabla hajaliangalia. Mama mmoja alimwambia, "Mzee, lishike vizuri, ni la pekee." Yeye akamjibu kwa Kiswidi chake cha kusukuma, "Si la pekee, mama. Walikuwa sita." Malalamiko yakafika kwa mkubwa wake. Mkubwa akamwita: "Petero, pokea makoti. Usihubiri." Akaacha kuhubiri. Lakini wenzake kazini, wawili wamekuja leo, wamenieleza kwamba mpaka anastaafu hakuwahi kulibana koti la jagwa katikati ya mengine. Alilitundika mwisho wa fito, peke yake, na nafasi kila upande.

Nilipofika miaka kumi na moja akanigeuza kuwa mkalimani wake. Jumamosi tulikuwa tunakwenda maktaba ya Farsta, mimi nasoma Kiswidi, yeye anataka Kiswahili. Ndivyo nilivyojifunza lugha hii, maana kabla ya hapo nilikuwa nikiulizwa kwa Kiswahili najibu kwa Kiswidi, na Jjajja alisema ni kama kucheza mpira na ukuta. Siku moja nikakutana na neno refu la Kiswidi, utrotningshotad. Sikulijua. Nikalikata vipande kama tulivyofundishwa shuleni, nikaona ndani mna neno mzizi. Nikamwambia, "Jjajja, hapa wanasema jagwa anatishiwa kung'olewa na mizizi yake."

"Kumbe ni mkimbizi," akasema. "Kama sisi."

Baadaye mwalimu aliniambia maana yake ni kutishiwa kutoweka kabisa. Nikamrudia Jjajja kumsahihisha. Akakataa kusahihishwa.

Tuliyoyasoma kwa miaka ile alitaka yasemwe leo, basi yasikieni. Ni kweli nchi nyingi zilikubaliana, na tangu 1975 biashara ya ngozi ya jagwa kati ya nchi na nchi imekatazwa. Makoti mapya hayaonekani kama zamani. Jjajja alilifurahia jambo hilo siku moja tu, kwa sababu wiki iliyofuata tulisoma mengine. Misitu yao inafyekwa na kuchomwa ili kupata malisho ya ng'ombe. Jagwa akirudi anakuta uzio palipokuwa na mto wake. Wanyama aliokuwa akiwala, nguruwe mwitu na wenzao, watu nao wanawawinda, kwa hiyo njaa inampeleka kwa ndama, na mwenye ndama anamsubiri na bunduki au anamtegea nyama yenye sumu. El Salvador hawapo tena. Uruguay hawapo. Wataalamu hawasemi kwamba wanakwisha kesho. Wamewaandika kwenye orodha ya wanyama ambao mambo yakiendelea hivi watafika hapo. Jjajja aliuliza swali lile lile kila mara: "Wamebaki wangapi?" Na kila kitabu kilijibu vile vile, kwamba hakuna anayejua, kwa sababu wanaishi mahali ambapo hakuna wa kuwahesabu.

"Basi hata msiba wao hauna karatasi," akasema.

Lazima nikiri kitu. Nikiwa na miaka kumi na tatu, utani wangu ulivuka mpaka. Alikuwa ananifundisha kujitambulisha Kiganda, ukoo kwanza, nami nikamkatiza, "Wewe Jjajja una ukoo gani? Wewe ni wa ukoo wa makoti." Mjomba Evodius alicheka. Jjajja hakucheka. Alikwenda jikoni akaosha vikombe vilivyokuwa visafi tayari. Hakunifundisha tena kujitambulisha, na mimi sikuomba msamaha, kwa sababu nilikuwa mjinga na nilidhani kesho zipo nyingi. Naomba leo.

Ugonjwa ulianza mwezi wa tatu 1984, kwa kikohozi kilichokataa kuondoka na baridi. Daktari alimpiga picha ya kifua, akamwuliza alikuwa akifanya kazi gani zamani. Alipomweleza, daktari akasema vumbi la manyoya limekaa mapafuni muda mrefu, na limeacha makovu. Tuliporudi nyumbani Bibi alikuwa analia. Jjajja akamwambia, "Usilie, Agripina. Wageni wamepata makazi." Huo ndio utani pekee wa kwake ambao hakuna aliyeucheka.

Kufikia mwaka jana alikuwa hawezi tena kupanda ngazi kutoka kituo cha treni. Kwetu kulikuwa kumeanza kutulia, barua zinafika. Ndipo alipoamua kuuliza. Ssali, rafiki yake dereva wa basi, aliyekuja hapa ukimbizini na kunywa chai yake ya Jumapili kwa miaka kumi na tano, alikuwa anakwenda Masaka kuwaona wazazi wake. Jjajja alimpa bahasha ya kumpelekea kaka yake Januari, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo pale Kalisizo. Ndani mlikuwa na picha ya jagwa aliyoikata kwenye gazeti, na barua ya mwandiko ule ule wa kuku. Niliisoma, alinipa nisahihishe, sikusahihisha kitu. Ilisema: "Kaka, mtazame huyu. Nimeshona wengi wake, sijui idadi. Niambie, ni ngo au si ngo? Na kama ni ngo, mimi ni nani?"

Ssali aliondoka tarehe 9 Desemba. Alitakiwa kurudi baada ya wiki nne. Wiki nne zikapita, ya tano, ya sita. Kengele ya mlango ikilia, Jjajja alikuwa anainua kichwa.

"Ssali?"

"Hapana Jjajja, ni jirani, ameleta sufuria."

Nikawa namtania ili apumue. "Jjajja, Ssali ameoa huko."

"Akioa alete jibu na mke."

"Na kama mke amemkataza kusafiri?"

"Basi aje mke peke yake. Mimi nataka jibu, Ssali nimeshamwona."

Baadaye tulijua kwamba Ssali alikuwa amelazwa Masaka na malaria, hajiwezi, na hakuwa na njia ya kutuarifu. Lakini wakati ule hatukujua. Mama alikuwa akija kutoka Hallonbergen kila baada ya kazi, mjomba Evodius kutoka Fisksätra kila Jumamosi, na wote tulikuwa tunaingia mlangoni tukiwa na haya, kama watu waliokosea kuwa Ssali.

Petero alifariki dunia hospitalini, Jumanne tarehe 9 Februari 1988, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, miezi saba na siku kumi na moja. Bibi alikuwa amemshika mkono. Muuguzi alifungua mlango, na Jjajja akasikia.

"Ssali?"

Bibi yangu hajui kudanganya, hata pale angeweza kusamehewa. Akamwambia, "Bado, mume wangu. Yuko njiani."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuongea tena.

Ssali alifika Ijumaa tarehe 12. Alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja, amekonda, na begi begani, akabonyeza kengele, na mimi nikafungua. Aliona viti vimepangwa ukutani. Aliona mshumaa. Akakaa chini palepale sakafuni na koti lake, akasema, "Siku tatu. Kevina, siku tatu tu." Bibi akaja akamwinua mwenyewe. Akampa chai. Halafu akamwambia, "Sema. Hata kama hayupo, sema kama ulivyotumwa."

Na haya ndiyo aliyoyasema Ssali, ambaye amesimama pale kwenye mti na atanisahihisha nikikosea.

Januari alivaa miwani akaitazama picha muda mrefu. Halafu hakutaka kuamua peke yake. Aliwaita watu wa ukoo, wakaja kumi na wanane, picha ikapita mkono kwa mkono. Ilipofika kwa shangazi yao Babirye, mwenye miaka zaidi ya themanini, aliileta karibu na pua, akasema, "Mbona amenenepa hivi? Huyu ni ngo aliyekwenda Ulaya!" Watu wakacheka sana. Mwingine akasema ana vitone ndani ya maua, wa kwetu hana. Babirye akamjibu, "Na wewe una kipara, baba yako hakuwa nacho. Tulikukataa?"

Halafu Januari akamwuliza Ssali, "Anabebaje mtoto wake?"

Ssali akawaambia alivyohadithiwa na Petero. Kwa mdomo, kwa ngozi ya shingo.

Januari akavua miwani. Akasema, "Ni ngo. Petero ameua ndugu."

Ssali anasema hapo alijiuliza atamwambiaje mgonjwa. Lakini Januari alikuwa hajamaliza. Akasema, "Mtu wa nje akimuua ngo, sisi tunasikitika, lakini hana kosa kwetu, maana ngo si wake. Petero ana kosa. Na kosa hilo hawezi kuwa nalo mtu mwingine isipokuwa wa kwetu. Mwambie hivyo. Mwambie, kama asingekuwa mtu wa Ngo, isingemwuma miaka kumi na tano."

Wakakubaliana wote. Babirye akaongeza kwamba mtu aliyewakosea ndugu zake, hata hao ngo wa ng'ambo, hanyamazi tena juu yao kwenye misiba. Anawataja.

Basi Jjajja, jibu limekuja, na kalamu yangu sasa ina ruhusa. Nimeliandika hapa kwenye karatasi iliyochapwa, kwa wino, na watu wote hawa wameshika nakala:

Petero, mwana wa Yozefu, alikuwa mtu wa ukoo wa Ngo. Alizaliwa humo, alikosea humo, na amefia humo.

Marehemu ameacha mke wake Agripina, aliyekaa naye miaka arobaini na moja. Ameacha watoto wawili, Noeline na Evodius. Ameacha mjukuu mmoja, mimi Kevina, wa ukoo wa babu yangu, mama yangu akikubali, na asipokubali pia. Ameacha kaka yake Januari na shangazi yake Babirye huko Kalisizo, na rafiki yake Ssali. Na ameacha ndugu zake wa Brazili, na wa Bolivia, na wa Meksiko, na wa kila msitu ng'ambo ile ambao moto haujafika. Hatuna majina yao. Hatujui wamebaki wangapi.

Tunaomba mvue kofia kidogo, baridi itatusamehe.

Petero alale salama. Na wao wapite.